Kuingia Si Kufaa

Leo sikuletei siasa wala bei ya sukari. Nimekuja na bastola. Usishtuke: haina risasi, na wala si yangu. Ni ya mzee mmoja wa Ohio, Marekani, jirani wa binti yangu, na nilikutana nayo safari ile niliyokwenda kumwona mjukuu.

Binti yangu alikuwa amemwambia mzee yule kwamba kabla sijaishika hii maikrofoni, ujana wangu niliumalizia kwenye mashine ya kerezo, ya kukatia chuma, pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Jioni moja akabisha hodi, amekumbatia kisanduku cha mbao. Akasema, wewe ni mtu wa chuma, hebu nitazamie kitu hiki, Jumamosi nataka kukipeleka uwanja wa shabaha.

Ndani ya kisanduku mlilala bastola ya Kiingereza, Webley Mark VI, ya marehemu baba yake. Baba aliinunua kwa posta. Ndiyo, kwa posta, kama mtu anavyoagiza viatu. Marekani iliruhusu jambo hilo mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipolipiga marufuku. Mwanawe hajawahi kuifyatua, na hajui kama baba mwenyewe aliwahi. Sasa amestaafu, nafasi anayo, anataka kusikia mlio wake. Kando ya bastola palikuwa na boksi jipya la risasi alizonunua wiki ile, na vipande vichache vya bati lililopinda kama nusu mwezi, vilivyokuwemo kisandukuni tangu enzi za baba.

Kumbuka, msikilizaji, boksi hilo na vibati hivyo. Ndivyo vyenye kisa.

Kwanza nikuchoree bastola yenyewe. Webley Mark VI ni rivolva, yaani bastola ya silinda yenye matundu sita. Si ya kuvuta silinda kwa ubavuni kama zile za kwenye filamu. Hii hukunjuka katikati kama bunduki ya marisau. Unabonyeza kijiti kwa dole gumba, mtutu unainama, silinda inakutazama, na hapo nyota ya chuma inapanda na kuyasukuma nje maganda yote sita kwa mpigo mmoja. Ni nzito, kilo moja na ushei, na mtutu wake una inchi sita. Jeshi la Uingereza liliipokea rasmi Mei 1915, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimepamba moto.

Ile ya mzee ilikuwa na mwaka uliogongwa kwenye kiunzi chake: 1917. Nikausoma mara mbili. Oktoba ya mwaka huo, kule Mahiwa, mkoa wa Lindi wa leo, Waingereza na Wajerumani walipigana siku nne, na waliokufa kwa ajili yao wengi walikuwa Waafrika, wakiwemo watu wa Nigeria waliovushwa bahari. Maafisa wa Kiingereza walining'iniza kiunoni bastola za aina hii. Wapagazi waliowabebea mizigo hawakuwa na bastola. Wao wametuachia jina tu: Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Sisemi bastola ya mzee ilifika kwetu. Nasema tu kwamba kitu cha mwaka 1917 hakikunijia kama mgeni kabisa.

Basi mzee alipotaka kunipa, hakuninyooshea kama mtu anavyotoa kalamu. Alielekeza mtutu ukutani, akaikunjua, akatazama matundu sita, akanionyesha na mimi nikatazama, ndipo akaiweka mkononi mwangu ikiwa wazi. Nikampenda hapo hapo. Mwenye silaha anayeudhika ukimwomba aifungue tena mbele yako, muage urudi nyumbani. Bastola tupu ni ile uliyoiona tupu kwa macho yako, dakika hii. Ya jana haihesabiki.

Watu wengi wakipata chuma cha zamani hukimbilia mafuta na tambara. Mimi nilifundishwa kukisoma kwanza, kwa sababu ukikisugua unafuta maneno. Nikaanza na skrubu. Vichwa vya skrubu mbili vilikuwa vimetafunwa, alama ya mtu aliyetumia bisibisi isiyolingana. Kwa hiyo nikajua: humu ndani kuna mkono uliopita baada ya kiwanda. Nikatazama ndani ya mtutu kwa tochi. Mifuo ile inayozunguka, ambayo huipa risasi msokoto, ilikuwepo na makali yake, ila karibu na mdomo palikuwa na vishimo vya kutu. Nikapitisha vidole juu ya mtutu kutafuta uvimbe. Mtutu uliowahi kufyatuliwa ukiwa umezibwa huvimba kama mishipa ya shingo. Huu haukuvimba.

Halafu nikaigeuza silinda nyuma. Moyo ukaruka.

Msikilizaji, fundi wa kerezo hutambua mkato wa kerezo kama mshonaji anavyotambua pindo. Bastola nzima ilikuwa na rangi nyeusi ya zamani iliyofifia kwa heshima, lakini uso wa nyuma wa silinda ulikuwa mweupe, una mistari myembamba ya duara iliyoachwa na kisu cha mashine. Mtu aliifunga silinda hii kwenye kerezo akaipunguza. Na nilipoikunja bastola ikafunga, nikaona upenyo kati ya mgongo wa silinda na ukuta wa chuma ulio nyuma yake, mkubwa kuliko inavyopasa.

Nani alifanya hivyo, na kwa nini? Hii si siri, ni biashara iliyokuwa ya kawaida. Webley Mark VI ilitengenezwa kwa risasi ya Kiingereza ya .455, ambayo ganda lake lina ukingo kitakoni. Ukingo huo ndio unaoizuia risasi isizame tunduni. Baada ya vita vikuu vya pili, Uingereza iliuza bastola zake za zamani kwa wingi, na nyingi zikaishia Marekani. Tatizo: risasi za .455 Marekani zilikuwa adimu, na risasi za .45 ACP, zile za bastola ya Colt ya 1911, zilijaa kila duka. Risasi ya .45 ACP haina ukingo uliochomoza. Wafanyabiashara wakaikwangua silinda kwa nyuma, wakapata nafasi ya kuingiza vibati vya nusu mwezi, kila kimoja kikishika risasi tatu. Vibati hivyo vilibuniwa na Smith & Wesson kwa ajili ya rivolva za jeshi la Marekani za mwaka 1917, nazo zilistahili. Huku kwa Webley vilikuwa wageni walioletwa kwa nguvu.

Mzee akasema, lakini hizi .45 ACP nilizonunua zinaingia vizuri kabisa. Akachukua kibati, akanionyesha jinsi kinavyokaa. Na kweli, ziliingia kama funguo.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, msikilizaji. Kuingia si kufaa.

Ubavuni mwa silinda kulikuwa na mihuri midogo. Uingereza, silaha haiuzwi mpaka ijaribiwe. Birmingham, mji ilikotengenezwa Webley, una nyumba maalumu ya kazi hiyo iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Pale wanaipakia silaha baruti nyingi kuliko kawaida makusudi, wanaifyatua wakiwa wamejikinga, na ikibaki nzima wanaigonga muhuri. Bastola za jeshi zilipouzwa kwa raia zilipitishwa kwenye majaribio kama hayo. Ya mzee iligongwa .455 na maandishi ya tani 6, maana yake tani 6 kwa kila inchi ya mraba. Tani ya Kiingereza ni pauni 2,240. Piga hesabu: pauni 13,440.

Hiyo ndiyo nguvu ya hewa moto ambayo silinda ile iliahidi kuibeba kila siku. Ukitaka kulinganisha, gurudumu la lori linajazwa pauni mia na ushei tu. Sasa risasi ya kawaida ya .45 ACP ya dukani, kikomo chake cha viwandani ni pauni 21,000. Siku hizi huko Ulaya bastola hujaribiwa kwa nguvu inayozidi ya kawaida kwa asilimia 30. Ongeza asilimia 30 juu ya zile 13,440, hupati hata 18,000. Kwa maneno mengine, kila risasi moja kutoka kwenye boksi la mzee ingeweza kuwa kipigo kikubwa kuliko kipimo cha mwisho, na angeipiga mara sita, halafu sita tena, akiwa ameishika nusu mita kutoka usoni.

Kuna watu watakuambia, mimi yangu nimeipiga hivyo miaka na haijanifanya kitu. Wanasema kweli. Chuma hakikasiriki siku ya kwanza. Huchoka kimyakimya: kifungio kinalegea, bawaba inapanuka, ufa mwembamba kuliko unywele unatembea kwenye ukuta wa tundu. Siku ya kupasuka haina tofauti yoyote na siku iliyotangulia.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: nani anaweza kunihakikishia? Nikamwambia si mimi. Mimi nimeona mkato wa kerezo, basi. Kuuliza si ujinga. Tumtafute fundi bunduki.

Fundi bunduki alikuwa mama wa makamo, karakana yake nyuma ya nyumba, jiliwa na tupa zimepangwa kwa mpangilio ambao ungemfurahisha bosi wangu wa zamani. Hakutuuliza bastola ni ya bei gani. Aliifungua, akatazama matundu, akasema, wameikwangua. Akaendelea na kazi.

Alianza na usafi, lakini usafi wa aina yake. Risasi za jeshi za zamani zilikuwa na fataki, vile vilipuzi vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti, ambazo kemikali zake huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hasa, ndugu wa ile ya jikoni. Nasi watu wa pwani tunaijua chumvi: inavyokula mabati, inavyokula bawaba za madirisha ya Mji Mkongwe. Inavuta unyevu, unyevu unaleta kutu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, yanaifunika tu. Kinachoiondoa ni maji. Ndiyo maana askari wa Kiingereza walimimina maji ya moto ndani ya mitutu yao kabla ya mafuta. Vile vishimo karibu na mdomo wa mtutu vilikuwa kazi ya mtu aliyeruka hatua ya maji. Grisi ya zamani nayo ilikuwa imeganda kuzunguka springi mithili ya gundi. Akailowesha kwa dawa, akaisugua kwa brashi ya nailoni, akaacha rangi ya asili bila kuigusa kwa msasa.

Kisha vipimo. Akakoki nyundo polepole mara moja kwa kila tundu, akisikiliza. Silinda inatakiwa ifike na kujifunga sawasawa na mtutu kabla nyundo haijamaliza safari. Ikichelewa hata kidogo, risasi inatoka tunduni ikakuta ukingo wa mtutu badala ya mlango, na vipande vya risasi vinaruka ubavuni. Akapitisha fimbo nyembamba ya chuma kutoka mdomo wa mtutu hadi ndani ya kila tundu. Mara sita ikapita bila kugusa. Akapima upenyo wa mbele, kati ya silinda na mtutu, unaotakiwa uwe kama unene wa karatasi moja au mbili za daftari. Akaisukuma nyundo iliyokokiwa kwa kidole gumba, kuona kama itateleza bila kifyatulio kuguswa. Akatikisa kifungio cha juu, kwa sababu kwenye bastola inayokunjuka katikati, kifungio hicho ndicho kinachoshika kila kitu. Akatafuta nyufa kwa rangi inayopenya, tundu moja moja.

Halafu akafanya kitu kilichonifurahisha kwa ajili ya lugha yetu. Alichukua donge la madini laini ya risasi, akalipaka mafuta, akalisukuma taratibu lipite mtutu mzima, akalipima. Kwa Kiswahili madini ni risasi na kinachofyatuliwa ni risasi. Kwetu neno moja. Kwake siku ile, risasi moja ilikuwa inamweleza ukubwa wa risasi nyingine. Donge lilimwonyesha kwamba mtutu ni mpana kidogo kuliko matundu. Kwa Webley si kosa. Risasi ya asili ilikuwa nzito, gramu 17 hivi, laini, na kitako chake kilikuwa na shimo. Moto ukiingia shimoni humo kinatanuka na kujaza mtutu. Ilikwenda polepole, yapata mita 180 kwa sekunde, karibu nusu ya mwendo wa sauti. Hii ni bastola iliyotegemea uzito, haikutegemea kasi. Kuipa risasi ya kasi ni kumlazimisha mzee wa mji kukimbia na vijana.

Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Springi ya nyundo ibadilishwe. Boksi la dukani lisiguse bastola hii. Na kwa kuwa silinda imeshakwanguliwa, hata risasi halisi za .455 hazitakaa, zitacheza. Atatengeneza mwenyewe risasi laini zenye nguvu ndogo ndani ya maganda ya .45 Auto Rim, aina iliyotokea mwaka 1920, ambayo ni .45 ile ile iliyopewa ukingo mnene kitakoni ili iishi ndani ya rivolva bila vibati. Vipimo vya baruti sivitaji hapa, na msikilizaji usiviulize: hiyo si kazi ya redio.

Jumamosi ile ilipita, na nyingine tatu. Mzee hakulalamika. Haraka haraka haina baraka, na yeye alikuwa amesubiri maisha yote.

Siku ilipofika tulikwenda uwanja wa shabaha wa nje, asubuhi. Nilitegemea kumwona mzee akijipanga kwa mbwembwe. Wapi. Risasi ya kwanza hakuipiga mtu. Fundi aliifunga bastola kwenye kishikio cha chuma chenye mpira, akapakia tundu moja kati ya sita, akafunga uzi kwenye kifyatulio, akatupeleka nyuma ya ukuta wa mbao nene. Miwani machoni, vizibo masikioni. Akaukagua uwanja, akatangaza, akavuta.

Mlio ulikuwa mzito na mfupi, kama mlango mkubwa uliofungwa na upepo. Nilidhani mzee atashangilia. Fundi akainua mkono, tusisogee. Alisubiri, akaenda, akafungua, akatoa ganda, akaligeuza kwenye mwanga. Ganda lililofyatuliwa ni shahidi. Fataki iliyobapa mno, ganda lililovimba upande mmoja au lililopasuka ubavu, yote hayo ni ushahidi wa nguvu iliyozidi au tundu lenye kasoro. Hili lilikuwa safi. Kisha akatazama karatasi ya shabaha kuhakikisha pana tundu, maana risasi yenye nguvu ndogo inaweza kukwama ndani ya mtutu, na atakayepiga ya pili nyuma yake ndiye anayerudi nyumbani na vidole vinne. Risasi moja, tundu moja kwenye karatasi. Ndipo akaenda tundu la pili la silinda. Mara sita, kwa sababu kila tundu ni chumba chake chenye kuta zake. Mwisho akapima tena upenyo, akatikisa tena kifungio. Hakuna kilichosogea.

Hapo ndipo mzee alipokabidhiwa bastola ya baba yake. Alipiga moja, akapumzika. Akapiga nyingine. Zilitua chini ya alama aliyolenga, karibu kiganja kizima, kwa sababu vilengeo vya Webley vilipangwa kwa ile risasi nzito ya zamani, na hizi zilikuwa nyepesi. Hakujali. Alipiga sita, akaikunjua, maganda sita yakaruka kwa pamoja na kumwagika miguuni pake, akacheka kama mtoto.

Lile boksi la dukani alimpa mpwa wake mwenye Colt ya 1911, bastola iliyozaliwa kwa risasi hizo.

Msikilizaji wangu, najua wengi wenu hamna bastola na hamtaki kuwa nayo, na mimi niko upande wenu. Lakini masanduku ya marehemu tunayafungua hata sisi. Babu aliyekuwa askari, mjomba aliyekuwa mwindaji, siku ya kugawa vitu kinatokea chuma kimefungwa kitambaa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake. Kote silaha inataka kibali, na kurithi peke yake si kibali. Ukikuta chuma hicho, usikisafishe, usikijaribu, usimwachie kijana wa nyumbani aone kama risasi zinaingia, na usikitie kwenye mfuko ukapanda nacho daladala. Kiache pale kilipo, funga mlango, pigia simu kituo cha polisi cha karibu, waje wao wakichukue.